Mzigo umekuzidi? Panda farasi kwanza

Juzi kibandani kwetu Ngamiani, pale tunapolipia gemu kwa saa, dogo mmoja kamaliza karibu nusu ya hela yake akijikokota kwenye Skyrim. Kaokota kila panga na kila ngao pangoni, mzigo umepita kiwango, kukimbia hawezi, na ramani inamkatalia kuruka, yaani kubofya mji na kutokea huko papo hapo. Nikamwambia, mdogo wangu, si una farasi? Mpande. Ukiwa juu ya farasi gemu linakuruhusu kuruka hata mzigo ukiwa umezidi, mradi maadui wasiwe karibu. Akapanda, akafungua ramani, akabofya Whiterun, huyo, katokea mjini na vyuma vyake vyote.

Tena, ramani hukurusha tu mahali ulipokwisha kufika. Lakini ile mikokoteni ya farasi kwenye mazizi nje ya miji mikubwa hukupeleka hata mji usiowahi kuuona, kwa dhahabu kidogo tu. Mimi nikianza upya nazunguka nayo mji hadi mji, waja leo waondoka leo, halafu baadaye naruka nitakavyo.

Gemu jingine, The Witcher 3, ndilo lina masharti ya kuruka: mpaka usimame kwenye kibao cha njia. Ila ukiwa ndani ya mashua, fungua ramani hapo hapo majini uchague bandari uliyokwisha kuigundua. Mtoto wa pwani mzima, nimesukuma mashua kule visiwani Skellige wiki nzima ndipo nikalijua hilo.