Kutambua Mapema Maradhi ya Ng'ombe wa Maziwa Anapokaribia Kuzaa

Maradhi mengi yanayomwangusha ng'ombe wa maziwa baada ya kuzaa huanza kujijenga takribani wiki tatu kabla, na mara nyingi dalili huonekana horini kabla ya kuonekana kwenye kiwele. Mfugaji wa ng'ombe wawili au watatu, kama walivyo wengi katika miteremko ya Kilimanjaro na Rungwe, ana nafuu hapa, kwa kuwa anaweza kujua kila mmoja amebakiza nini.

Fungua daftari siku unapomkausha, yaani unapoacha kumkamua, siku 60 hivi kabla ya kuzaa. Andika huu ni uzao wa ngapi, kama aliwahi kupata homa ya maziwa au kuchelewa kutoa kondo la nyuma, na hali ya mwili wake kwa kipimo cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenenepa sana). Anayefaa ni wa 3 hadi 3.5. Aliyefika 4, ambaye mbavu zake hazipapasiki kwa urahisi, mtarajie ketosisi: hamu yake ya kula hushuka sana karibu na kuzaa, na mwili huyeyusha mafuta mengi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Hata hivyo, usimkondeshe wakati huo, maana kumnyima chakula huharakisha ugonjwa ule ule unaoukimbia.

Homa ya maziwa huwapata zaidi ng'ombe wa uzao wa tatu na kuendelea, hasa aina ya Jersey. Jina lenyewe linapotosha, kwa sababu mgonjwa hana homa. Masikio yake huwa ya baridi, hutetemeka, huyumba, kisha hulala shingo ikiwa imejikunja ubavuni, kwa kuwa madini ya kalisi ya damu yamekwenda kwenye maziwa. Katika wiki tatu za mwisho punguza lusini na matete yaliyorutubishwa kwa samadi nyingi, ambayo huwa na potasiamu nyingi inayochangia homa hii, kisha mwangalie kwa makini siku tatu za kwanza baada ya kuzaa. Akianguka, mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Kalisi ikiingizwa mshipani kwa haraka inaweza kusimamisha moyo.

Mpime joto kila asubuhi kwa siku kumi baada ya kuzaa. Likizidi nyuzi 39.5, kagua kiwele, chunguza kama anatoa uchafu wenye harufu mbaya ukeni, na penye kupe ufikirie pia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kondo lisilotoka kwa saa 24 usilivute kwa mkono.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya nne, anayekataa pumba na mashudu huku akiendelea kula majani, na maziwa yake yakishuka, apimwe ketosisi. Pumzi yake huweza kunukia utamu wa matunda, lakini pua za baadhi ya watu haziisikii harufu hiyo kabisa, kwa hiyo karatasi ya kupimia mkojo ni ya kutegemewa zaidi.