Kabla ya kwenda Mida na kamera

Wanaoniuliza kuhusu kupiga picha za ndege Mida huanza na lenzi: ya milimita 300 itatosha, au lazima 600? Mimi huwauliza kwanza mwezi una siku ngapi. Mida ni mkono wa bahari ulioingia barani nyuma ya Watamu, pwani ya Kenya, umezungukwa na mikoko, na ndani yake maji hupwa yakaacha tope pana mpaka jicho linachoka. Maji yakiwa mbali, na ndege wako mbali, wametawanyika kama punje za mchele kwenye sinia. Lenzi ya bei ya gari haitakusaidia hapo.

Kwa hiyo maandalizi yanaanza nyumbani, kwenye kalenda. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani hii maji ya bamvua hujaa kama saa kumi alasiri na tena alfajiri, kisha huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hujaa karibu na saa nne asubuhi. Mimi huchagua bamvua ya alasiri. Maji yanapanda taratibu, tope linapungua, na ndege wanasukumwa kuelekea kwako hatua kwa hatua, huku jua likiwa mgongoni mwa anayetazama mashariki. Angalia jedwali la maji la Mombasa, kisha uwe umeshakaa saa mbili kabla ya kujaa. Ndani ya Mida maji hufika kwa kuchelewa kidogo kuliko bahari ya nje. Yakishajaa kabisa, sululu na vitwitwi wengi, ndege wanaokula topeni, huhamia juu ya mikoko kupumzika, na nafasi imepita. Ukienda saa sita mchana na maji yamekupwa, utarudi na picha za mazigazi: joto linapanda kutoka kwenye tope na kila manyoya yanatetemeka.

Msimu nao ni muhimu. Wageni kutoka Ulaya na Asia huwapo kwa wingi kuanzia Septemba hadi Aprili. Mimi naipenda mwisho wa Machi kuliko miezi yote. Kitwitwi ambaye Desemba alikuwa kijivu mtupu sasa kifua chake kimeanza kugeuka rangi ya tofali, na anakula bila kupumzika kwa sababu safari ya kwenda Siberia iko mbele yake. Mwingine wa kumtafuta ni yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Huyu huzaliana kwenye fukwe za Oman na Ghuba ya Uajemi, akichimba shimo mchangani na kutaga humo, jambo ambalo jamaa zake wengine wa pwani hawalifanyi. Chakula chake ni kaa.

Nilimtazama sululu mmoja na kaa wake kwa dakika nzima. Alimtoa tunduni mwake kwa ule mdomo uliopinda, akamtikisa kushoto na kulia mpaka miguu ikaanza kukatika mmojammoja, akamsuuza kwenye kidimbwi, ndipo akammeza. Picha ya namna hiyo haitoki kwa kukimbizana na ndege. Inataka ukae chini na kutulia.

Hapa nina jambo zito kidogo. Mwaka wangu wa kwanza niliona kundi kubwa limetua, nikashuka kwenye tope nikidhani hatua ishirini tu zitatosha. Walipaa wote kwa pamoja, wakazunguka, wakaenda upande wa pili, na hawakurudi jioni ile. Nilipoteza picha, lakini wao walipoteza saa ya kula, na saa za kula zinahesabiwa na maji. Tangu siku hiyo siwafuati. Ukiona ndege wameacha kula, wameinua shingo na kukutazama, umeshakaribia mno: simama, au rudi nyuma polepole. Kule Mida kuna daraja la mbao lililoning'inia katikati ya mikoko, linaloishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada yake inasaidia karo za watoto wa shule wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Lipa kwa moyo mweupe, kaa kibandani, ngoja maji yafanye kazi.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Milimita 400 inatosha kibandani maji yakipanda. Weka shata kwenye 1/2,000 ya sekunde kwa ndege anayeruka, na kwa ndege mweupe juu ya tope jeusi punguza mwangaza kidogo, maana kamera hudanganywa na lile giza ikaunguza manyoya. Upepo wa chumvi ni adui wa lenzi, kwa hiyo usibadilishe lenzi nje. Beba kikoi: kitakuwa kiti, kivuli cha kichwa, na kifuniko cha kamera. Mavazi yawe kaki au kijivu, nyeupe inawashtua. Ndara ziache nyumbani, tope litazimeza na maganda ya chaza yatakukata nyayo. Vaa viatu vya mpira vyenye kamba. Maji yabebe kwenye chupa ya chuma, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya.

Ukitaka kuunganisha na msitu, Arabuko-Sokoke uko ng'ambo ya barabara ya Mombasa–Malindi. Nenda alfajiri na mwongoza wageni wa pale, usiingie peke yako. Ndani kuna tembo, na vichaka ni vizito kiasi kwamba unaweza kumkaribia bila kujua. Ada za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo maliza malipo ukiwa bado na mtandao mzuri. Sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, utamsikia kwanza kwenye majani makavu, kisha utapata sekunde mbili. Yule bundi mdogo wa Sokoke, wa sentimita kama 16, hulala mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu, na waongozaji wanajua matawi yake. Usitumie flashi, usimpigie sauti yake kwenye simu ili ajibu, na ukichapisha picha usitaje tawi wala njia.

Usiku wa kuamkia safari chaji betri mbili, futa kadi ya kumbukumbu, na andika kwenye daftari saa ya maji kujaa. Daftari hilo libebe. Baadhi ya ndege wa Mida wamevishwa pete miguuni na watafiti wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi ambalo kituo chake kiko Watamu. Kwa hiyo baada ya kupata picha yako ya mbawa na macho, shusha kamera kidogo upige na miguu. Ukiona pete, andika tarehe, saa, mahali na rangi yake kabla hujasahau, uwapelekee pamoja na picha.