Dishi la linki ya maikrowevu: anza na leseni, kipenyo kifuate

Linki ya maikrowevu ni njia ya mawasiliano ya redio kati ya madishi mawili yanayotazamana. Mafundi wengi wanaoifunga huanza na dishi lililopo stoo, wakalipandisha mnarani, kisha ndipo wakaomba leseni. Nakusihi usifanye hivyo.

Hatua ya 1: soma masharti ya bendi, yaani kundi la masafa utakayotumia. Leseni ya linki hukupa njia moja: kutoka hapa hadi pale, kwa masafa haya, kwa nguvu hii. Mdhibiti wa mawasiliano anajali mawimbi yanayovuja pembeni, kwa sababu jirani yako naye ana njia yake. Dishi dogo lina mwale mpana. Kwenye gigahezi 11, dishi la sentimita 60 hutoa mwale wa nyuzi 3 hivi. La mita 1.2 huubana hadi nusu yake. Marekani, FCC (mdhibiti wa mawasiliano wa huko) huzigawa antena katika daraja A na B kulingana na zinavyovuja pembeni, na ya B ikimsumbua jirani unaweza kulazimishwa kuibadilisha. Ulaya, kiwango cha EN 302 217 cha ETSI (taasisi ya viwango vya mawasiliano) kina madaraja yake. Masharti nayo hubadilika: dishi la sentimita 60 kwenye gigahezi 11 liliruhusiwa na FCC mwaka 2007 tu. Soma toleo linalotumika sasa.

Hatua ya 2: piga hesabu. Upotevu wa njia kwa desibeli ni 92.45 + 20 log (kilomita) + 20 log (gigahezi). Kwa kilomita 20 na gigahezi 11 unapata 139. Dishi la mita 1.2 lina geini (jinsi linavyokusanya nguvu upande mmoja) ya desibeli 40 hivi. Ukirusha dBm 20 (dBm ni desibeli zinazopimwa kutoka milliwati moja), upande wa pili utapokea 20 + 40 + 40 − 139, yaani dBm −39, kabla ya kutoa upotevu wa nyaya na viungio. Weka la sentimita 60 pande zote mbili uone: −51. Desibeli 12 zimekwenda, sita kila upande, na hiyo ndiyo akiba uliyoihitaji siku ya mvua kubwa.

Hatua ya 3: uliza kama mnara utahimili dishi hilo. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo linalopigwa na upepo huongezeka mara nne.

Hatua ya 4: jaza maombi. Andika majira ya nukta (latitudo na longitudo) za pande zote mbili, kimo cha dishi kutoka ardhini, uelekeo, kama mawimbi yamelala au yamesimama, na modeli kamili ya antena. Kimo pima mwenyewe kwa futi kamba. Usinakili mchoro wa zamani.

Hatua ya 5: lenga. Zungusha dishi polepole, upite kilele hadi ishara ishuke, uendelee tena. Utakuta vilele vitatu: kikubwa katikati, vidogo viwili pembeni. Ukisoma −60 mahali ulipotarajia −39, na kila ukigusa inashuka, usikaze boliti. Umekaa kwenye mwale wa pembeni, na mwale mkuu unampiga mtu mwingine. Legeza, tafuta kile cha katikati, kisha mwenzako wa upande wa pili afanye vivyo hivyo.

Dishi likivunjika ukataka kuweka la kipenyo kingine, omba leseni irekebishwe kwanza.