Pima ndoo kabla ya kununua saruji

Mtu akinipigia simu kuhusu mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, huanza na idadi ya mifugo. "Fundi, ninao ng'ombe wanane." Nami humuuliza, "Hongera mzee, wanalala wapi, na mchana wako wapi?" Swali hili huwakera wengine, lakini gesi yote imo humo. Ng'ombe wanane wa kienyeji wanaoshinda malishoni na kurudi bomani jioni wanaweza kukuachia samadi kidogo kuliko watatu wa maziwa wanaolishwa bandani, maana ya mchana imebaki porini na hakuna atakayeifuata na koleo.

Kwa hiyo kabla hujachimba wala kuagiza kokoto, pima. Chukua ndoo ya lita 20. Kila asubuhi, kabla banda halijamwagiwa maji, zoa samadi mbichi, chambua majani, mawe na udongo, kisha ujaze ndoo. Ikijaa ni kama kilo 20. Chora mstari wa chaki ukutani kwa kila ndoo, wiki nzima, ikiwemo siku ambayo kijana wa kuzoa hakuja. Siku hiyo nayo ni sehemu ya hesabu. Tafuta wastani, halafu toa ile ambayo mama mwenye nyumba ameshaipangia bustani ya mboga. Kinachobaki ndicho chakula cha mtambo.

Sasa hesabu. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi, kama mahali si pa baridi sana. Ndoo moja kwa siku ni lita 800 hivi. Jiko la biogesi la nyumbani hula karibu lita 400 kwa saa, kwa hiyo umepata saa mbili za moto wa jiko moja: chai ya asubuhi, ugali na mboga. Makande hayaivi hapo. Anayetaka makande na maharage kila siku anahitaji ndoo mbili, au akubali kuyaloweka usiku kucha.

Kwa ndoo moja hadi mbili, mtambo wa mita za ujazo 4 unatosha. Kuna mafundi watakaokushawishi ujenge wa 9 au 13 "kwa ajili ya baadaye". Kataa. Mtambo mkubwa wenye chakula kidogo haukupi gesi zaidi, unakumalizia saruji tu.

Kipimo cha pili ni maji. Kila ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji, na zikorogwe mpaka uji uwe laini, bila mabonge. Mimi huingiza mkono na kuvunja bonge kwa vidole. Anayeona kinyaa afunge mti wa kukorogea. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji hayo, ndiyo maana napenda sakafu ya banda iwe ya saruji na iteremke kuelekea kwenye mtambo. Nyumba inayonunua maji kwa dumu isijenge.

Hesabu hii ya ndoo ndiyo ninayoitumia pia nikisikia watu wakitaja utajiri wa biogesi wa Tanzania. Tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ni rahisi kuzidisha kwa kilo za samadi mpaka nchi nzima ionekane inapika kwa gesi. Lakini makundi makubwa yako Shinyanga, Simiyu na Tabora, yanachungwa, na kiangazi maji ni ya kutafuta. Si ajabu kwamba kazi hii ilishika mizizi huku Arusha na Kilimanjaro, ambako ng'ombe hulishwa bandani: CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wanashughulika na mitambo tangu miaka ya 1980, na mpango wa kitaifa wa biogesi ya nyumbani ulianza 2009. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwa maoni yangu, biogesi itachangia zaidi pale ambapo taka zimeshajikusanya zenyewe. Tazama mkonge. Singa, yaani nyuzi zake, ni sehemu ndogo tu ya jani, haifiki hata kilo 5 katika kila kilo 100. Mengine yote yanamwagwa nje ya korona, ile mashine ya kutenganisha singa na jani, yakiwa yameshalowa maji. Pale Hale, Korogwe, taka hizo zimewahi kuzalisha umeme. Machinjio na masoko ya ndizi ni vivyo hivyo.

Maganda ya ndizi na mabaki ya ugali yanafaa hata nyumbani, na kwa uzito uleule hutoa gesi nyingi kuliko samadi, maana samadi imeshapita tumboni. Ila yakatekate, weka kidogo kidogo, la sivyo mtambo unachacha na gesi inakata. Maji ya sabuni na dawa za kuua vijidudu yasiingie kabisa. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki, samadi yake iweke kando mpaka dawa iishe mwilini.

Ukishajaza mara ya kwanza, subiri wiki 2 hadi 4. Gesi ya mwanzo imechanganyika na hewa. Iachie itoke nje, usiwashe. Viungo vya bomba vikague kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Harufu ya yai viza jikoni maana yake funga vali, fungua madirisha. Moto ukiwa wa bluu mko salama. Ukicheza-cheza, mwaga maji yaliyojikusanya kwenye bomba. Na mtu yeyote asiingie ndani ya mtambo, hata ukionekana mtupu. Gesi humwangusha mtu kabla hajapiga kelele.

Tope linalotoka ni mbolea, kwa hiyo angalia mwinamo wa kiwanja kabla ya kuchagua pa kuchimba: banda juu, mtambo katikati, migomba chini. Kama migomba yako iko juu ya banda, chimba shimo la kupokelea, funika kwa majani, na ujiandae kubeba kwa ndoo ileile.