Kudai pesa ya kulea watoto mbele ya tripaix, Lubumbashi: hatua kwa hatua

Tripaix ni tribunal de paix, mahakama ya amani. Mwongozo huu ni wa mama aliyebaki na watoto, bwana ameondoka au ameacha kuleta matumizi, na wazee wa pande zote mbili wamekaa mara mbili tatu bila jibu. Baba aliyebaki na watoto anafuata njia hii hii. Sheria zinazotumika ni Code de la famille ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na sheria ya 10 Januari 2009 inayolinda mtoto. Majina ya karatasi nimeyaacha kwa Kifaransa kwa sababu ndivyo utakavyoyaomba dirishani.

Kwanza ondoa hofu moja. Tangu marekebisho ya 2016, mke hahitaji ruhusa ya mume ili afungue kesi. Ukiambiwa urudi nyumbani ukalete saini ya bwana, omba kuonana na grefie (karani wa mahakama) mkuu.

Hatua ya 1: Mlango wa kubisha

Talaka, matumizi ya nyumba na pesa ya watoto ni kazi ya tribunal de paix. Jina la mtoto, utambulisho wake na nani ni baba yake ni kazi ya tribunal pour enfants (mahakama ya watoto). Ulezi ukiombwa ndani ya kesi ya talaka, tripaix ndiyo inaukata. Ukiombwa peke yake, waulize watu wa grefu (ofisi ya makarani) kabla hujalipa chochote, kwa kuwa kesi iliyopelekwa mlango usio wake inaishia kwenye neno "incompétence" (mahakama haina mamlaka) na miezi yako imekwenda. Lubumbashi ina tripaix zaidi ya moja na kila moja ina komini zake, kwa hiyo taja komini anayokaa mdaiwa.

Shefu wa kartye hakati kesi. Lakini akiwakutanisha na kuandika PV (maandishi rasmi ya mliyosema) yenye saini zenu, itunze vizuri. Baba aliyekubali kwenye PV hiyo kutoa kiasi fulani kwa mwezi atapata shida kukana mbele ya jaji.

Hatua ya 2: Acte de naissance ya kila mtoto

Hapa ndipo kesi nyingi zinapokwama, kwa hiyo soma polepole.

Karatasi uliyopewa na hospitali ulipojifungua ni certificat de naissance. Inasema tu kwamba mtoto amezaliwa, siku fulani, na mama fulani. Haimfanyi mtu yeyote kuwa baba mbele ya sheria. Unayoitafuta ni acte de naissance, inayotoka komini: ina namba, volume na folio, saini ya ofisa wa état civil, anayeandikisha vizazi na ndoa (mara nyingi burugumestri) na muhuri. Kama yako haina volume na folio, siyo yenyewe.

Kama mtoto hajatimiza siku 90, nenda komini na certificat ya hospitali. Usingoje bwana arudi. Zikipita siku 90, komini haiwezi tena kuandika yenyewe. Inahitaji jugement supplétif (hukumu inayoruhusu acte iandikwe kwa kuchelewa) kutoka tribunal pour enfants. Watu wengi wanapata hukumu hiyo, wanafurahi, wanaiweka kabatini, na hapo ndipo wanapopotea. Hukumu siyo acte. Inabidi ijulishwe (acte de signification), muda wa rufaa upite, grefu itoe certificat de non-appel (kwamba hakuna aliyekata rufaa), kisha uzipeleke karatasi hizo zote tatu komini ili acte iandikwe. Ukikosa certificat de non-appel utarudishwa, hata kama hukumu ina mihuri kumi. Omba nakala mbili za kila kitu siku ile ile, maana kurudi wiki ijayo kuomba nakala ni gharama nyingine na foleni nyingine.

Sasa suala la baba. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, mume wa mama ndiye baba yake. Ndoa hapa ni ile iliyofungwa komini, au ile ya kifamilia iliyoandikishwa komini. Ndoa ya kanisani peke yake haitambuliki na sheria, hata kama picha zinajaza albamu nzima. Hilo linaumiza akina mama wengi, lakini halimnyimi mtoto haki yake: mtoto wa nje ya ndoa akishatambuliwa na baba ana haki sawa na yule wa ndani.

Kutambuliwa huko kunaitwa affiliation. Baba anatangaza mbele ya ofisa wa état civil, na sheria inamtaka afanye hivyo ndani ya miezi 12 tangu mtoto azaliwe. Kama yuko tayari kutangaza, mpeleke leo, hata kama hamsemezani kuhusu mambo mengine. Kama anakataa, kesi ya ubaba inafunguliwa tribunal pour enfants kabla ya kesi ya pesa. Ushahidi unaofaa ni huu: mashahidi waliowaona mkiishi pamoja wakati mimba inaingia, ujumbe wake wa simu akimwita mtoto "mwanangu", risiti ya hospitali aliyoilipa, familia yake kuja kumwona mtoto. Kipimo cha damu kinaweza kuombwa, lakini ni ghali, na mashahidi watatu wanaosema jambo moja wanatosha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuna sehemu nyingine ya kutafuta ambayo wengi hawaijui. Kama baba ana kazi ya kuandikwa, dosie yake kwa mwajiri ina orodha ya watoto aliowatangaza ili apate posho za familia na matibabu. Mwanao akiwemo humo, baba ameshasema kwa mkono wake mwenyewe. Mwombe jaji aagize mwajiri atoe orodha hiyo.

Mali (mahari) isiyolipwa haibadilishi chochote hapa. Utasikia upande wa Kiluba ukisema mtoto ni wa ukoo wa baba, upande wa Kibemba ukisema ni wa ukoo wa mama, na wajomba wakisema mtoto hatatambuliwa mpaka mali ikamilike. Mali ni deni kati ya familia mbili. Chakula cha mtoto kina mdaiwa wake, naye ni mzazi.

Hatua ya 3: Hesabu ya mwezi

Usiandike "naomba anisaidie watoto". Jaji anakata kwa kuangalia vitu viwili tu: mahitaji ya anayeomba na uwezo wa anayedaiwa. Ukileta hesabu, mjadala utakuwa juu ya hesabu yako. Usipoileta, atakata kwa kukisia, na kisio huwa dogo.

Mfano, watoto watatu wa miaka 4, 9 na 14, bei kwa dola kwa mwezi: unga mifuko miwili ya kilo 25 kwa 40; mboga, samaki na mafuta kwa 75; makala (mkaa) magunia mawili kwa 30; pango la vyumba viwili kwa 80; maji na umeme kwa 15. Hapo ni 240, na mnakula wanne, kwa hiyo sehemu ya watoto ni robo tatu, yaani 180. Ongeza vitu vya watoto peke yao: masomo ya yule wa sekondari 30, madaftari na usafiri 20, dawa 10. Jumla 240. Kama biashara yako ya soko inakuachia 50, iseme bila kuificha, kisha omba 190.

Ukiiweka sehemu yako ya chakula ndani ya pesa ya watoto, avoka wa upande wa pili ataiona kwanza na ataitumia kuivunja hesabu nzima. Kama mngali mume na mke, matumizi yako mwenyewe yaombe kwa mstari wake, kama mchango wa nyumba. Kosa lingine ni ada ya shule ya msingi ya serikali: elimu hiyo ni bure tangu Septemba 2019, usiiweke. Sare ya bluu na nyeupe na madaftari unaweza kuweka. Kwa pango leta risiti au barua ya mwenye nyumba, kwa masomo leta karatasi ya shule, na kwa soko andika bei za wiki moja kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Omba kiasi kiandikwe kwa dola, kilipwe kwa faranga kwa kiwango cha siku ya malipo. Hukumu ya faranga tupu inapungua kila mwaka bila mtu kuigusa.

Hatua ya 4: Uwezo wa baba

Mwenye mshahara: fiche de paie (karatasi ya mshahara) hata ya zamani, kadi ya kazi, jina la kampuni. Kama huna fiche, jina la mwajiri linatosha kuomba amri ya jaji.

Asiye na mshahara, kama mchimbaji, dereva wa teksi au muuzaji wa vipuri, atasema hana kitu. Mjibu kwa matumizi yake: ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money wa pesa alizokuwa akituma, karatasi za gari, kiwanja anachopangisha, pango analolipa anakokaa sasa. Chapisha ujumbe huo ukiwa na namba na tarehe. Simu ikiibiwa, ushahidi wako umeondoka nayo.

Hatua ya 5: Kufungua kesi

Andika requête (barua ya ombi kwa mahakama) ya ukurasa mmoja au miwili: nani na nani, watoto na tarehe zao, lini aliacha kutoa, kiasi unachoomba na kuanzia lini (omba kuanzia siku ya kufungua kesi), ulezi, na ombi la exécution provisoire (hukumu itekelezwe mara moja) ili rufaa isizuie pesa. Kama ni talaka, jaji ataanza na usuluhishi. Usingoje uishe, omba mesures provisoires (amri za muda) za watoto tangu kikao cha kwanza.

Unalipa grefu, unachukua risiti. Pesa isiyo na risiti haijalipwa. Kama huna uwezo, pata attestation d'indigence (cheti cha kutokuwa na uwezo) kwenye huduma ya mambo ya jamii ya komini, na uulizie bureau de consultations gratuites (ofisi ya ushauri wa bure) ya baraza la mawakili. Mimi napendelea kesi ya pesa ya watoto iendeshwe na mama mwenyewe mwenye karatasi zilizopangwa kuliko na avoka ambaye hakuzisoma. Kwa ubaba unaokataliwa au kwa rufaa, chukua avoka.

Mdaiwa lazima apate siku 8 kamili kati ya kupokea mwito na siku ya kikao, na siku moja zaidi kwa kila kilomita 100. Kama yuko Kolwezi, hesabu 11. Zikipungua, ataomba kesi iahirishwe, na atakuwa na haki.

Hatua ya 6: Siku ya kikao

Fika mapema, na originali zote pamoja na nakala. Sema Kiswahili kama Kifaransa kinakusumbua. PV inaandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo usiweke saini kabla hujasomewa kwa Kiswahili, hasa kiasi na tarehe.

Hatua ya 7: Ulezi

Watu wanasema mtoto akifika miaka 7 anakwenda kwa baba. Code haisemi hivyo. Jaji anaangalia faida ya mtoto: anasoma wapi, nani anampeleka hospitali, analala na nani. Mtoto anayeweza kueleza mawazo yake ana haki ya kusikilizwa. Usimfundishe maneno, majaji wanayatambua haraka sana.

Ziara za mzazi mwingine ziandikwe kwa saa: Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mtoto achukuliwe kwa bibi yake. "Atamwona wakati wowote" ni chanzo cha ugomvi mlangoni. Omba pia jaji aseme nani anasaini ruhusa ya safari, maana Kasumbalesa ni karibu na mtoto anavuka kwenda Zambia asubuhi moja. Na usimzuie baba kumwona mtoto kwa sababu hajalipa: pesa na ziara ni amri mbili, na ukivunja ya kwako unampa silaha.

Hatua ya 8: Kuigeuza hukumu kuwa pesa

Chukua grosse, ile nakala yenye formule exécutoire (maneno ya kuamuru hukumu itekelezwe). Nakala ya kawaida haimlazimishi mtu. Mpe wisie (huissier, mtu wa kupeleka na kutekeleza amri za mahakama) aijulishe kwa mdaiwa mwenyewe, na uandike tarehe: ana siku 30 za rufaa, na kama alihukumiwa bila kuwepo ana siku 15 za opposition (kuomba kesi isikilizwe tena mbele yake). Bila signification, siku hizo hazianzi kuhesabiwa, na hukumu yako inaweza kulala mwaka mzima.

Kwa mwenye mshahara, usikubali ahadi ya kuleta pesa mkononi. Mke anaweza kuomba jaji amruhusu kupokea sehemu ya mshahara moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa mtoto wa nje ya ndoa, wisie anafanya saisie ya mshahara, yaani kukamata sehemu yake kwa mwajiri. Peleka barua kwa mwajiri, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Asiye na mwajiri alipe kwa simu peke yake, kwenye namba iliyoandikwa ndani ya hukumu. Mwezi ukipita bila kulipwa, rudi kwa wisie mwezi huo huo, na orodha ya ujumbe wa simu mkononi.