Jinsi ya kuwafundisha watoto rede, kuanzia kushona mpira mpaka kujaza chupa

Kama umekulia uswahilini Dar miaka ya 90, Magomeni, Tandika, Temeke huko, rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku unajaza chupa mchanga, huna haja ya kuelezewa, mwili wenyewe unakumbuka kukwepa. Ila watoto wetu wa saivi wengi hawaijui kabisa, na mimi silaumu simu, nalaumu kwamba hakuna mkubwa anayetoka nje akawaonyesha. Sisi tulifundishwa na dada zetu, sasa hawa nani awafundishe kama sio sisi?

Tuanze na mpira maana hapo ndo wengi wanakwama. Zamani tulikuwa tunaokota rambo tunazibanabana tunafunga kamba mpaka unakuwa mgumu, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019 kwaiyo hiyo sahau, na kusema kweli kwa rede soksi ni bora zaidi, haiumizi. Tafuta soksi ndefu ya shule ambayo haivaliki tena, hata kama kisigino kimetoboka poa tu. Shindilia vipande vya kanga kuukuu au sponji la godoro mle kwenye vidole mpaka upate saizi ya chungwa, af pale shingoni nyonga soksi kama unakamua nguo, halafu ile iliyobaki igeuze irudi kuufunika mpira. Nyonga tena, geuza tena, mpaka soksi iishe, ndo unashona mdomo kwa sindano na uzi. Usifunge fundo, fundo ndo linalomtoa mtoto machozi likimpata usoni. Jipige nao begani kwanza, ukisikia maumivu fumua upunguze.

Uwanja uwe wa mchanga, usio na kokoto wala vigae, na mbali na njia ya bodaboda. Wanatakiwa warushaji wawili wa timu moja, mmoja huku mmoja kule, hatua kumi hivi kati yao, kwa wadogo punguza. Timu nyingine inaingia kati. Mpira unaenda unarudi, ukikupata umetoka. Hapo mtoto anaelewa ndani ya dakika moja.

Utamu sasa ni chupa. Weka chupa ya maji ya nusu lita katikati, tupu, haina kifuniko (sisi tulitumia za soda za vioo, msirudie hiyo). Aliyeko kati anatakiwa akwepe na hapohapo ajaze mchanga kwa viganja, yani mpira ukipita tu unachota, unamimina, unaruka pembeni, maana mrushaji wa nyuma yako ashadaka tayari. Mfundishe mtoto achuchumae nusu na asikae mgongo kwa mwenye mpira, macho yasishuke kwenye chupa, mkono utaujua mdomo wa chupa wenyewe. Na achote mchanga mkavu, ule mbichi unaziba shingoni af anabaki anagongagonga chupa huku anapigwa. Kwetu chupa ikijaa mpaka juu, waliotoka wote wanarudi ndani, kwaiyo anabaki mmoja kati na timu nzima pembeni inapiga kelele jaza, jaza, na huyo mmoja saa nyingine ndo yule mdogo ambaye hakuna aliyetaka kumchagua. Raha yake siwezi kuieleza.

Kila mtaa una sheria zake, kwaiyo kubalianeni kabla ya kuanza: mpira ukidunda chini kwanza unahesabika? Ukigusa nguo tu je? Hilo la nguo ndo mama wa ugomvi wote, mwenye sketi pana atasema haijamgusa mpaka adhana ya magharibi. Mi nashauri nguo ihesabike, wenye sketi wachomeke au wajifunge kanga vizuri.

Wavulana watakwambia ni mchezo wa wasichana, waingize kati mara moja tu, mpira ukiwapitia sikioni hawatoki tena. Siku za mwanzo rusha wewe, jioni kuanzia saa kumi jua likipungua makali, ukiona wameanza kugombania nani arushe, kaa pembeni waachie. Na shona mipira miwili kabisa, mmoja lazima utaruka ukuta wa jirani na geti halifunguliwi mpaka usiku.