Kufufua mashua iliyolala kabla ya kaskazi

Mashua niliyojifunzia kazi hii ilikuwa ya mjomba wangu, futi 24, imekaa chini ya mkungu kule Nungwi masika mawili bila kugusa maji. Tulipoanza kuichokoa kwa kisu tulitarajia kukuta ubovu upande wa nje, ulioliwa na chumvi miaka na miaka. Nje palikuwa pazima. Uozo ulikuwa ndani, kwenye ngama (sakafu ya ndani ya chombo), maji ya mvua yalipotuama chini ya mataruma (mbavu za chombo) pamoja na majani ya ule mkungu. Chumvi huhifadhi ubao, maji ya mvua huuozesha. Ukilishika hilo, kazi nyingine zote utazielewa kwa nini zinafanywa hivyo.

Wakati wa kuanza

Anza Septemba, kusi (pepo za kusini) ikiwa imelegea, kaskazi (pepo za kaskazini) na mvua za vuli bado. Mashua ipandishwe pwani wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapofika juu kabisa. Bamvua hurudi baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo panga kazi yako kwa mafungu ya wiki mbili. Ukichelewa siku tatu, utasubiri bamvua nyingine, maana maji mafu (yasiyopanda sana kati ya bamvua mbili) hayafiki chombo kilipo. Isimamishe kwa gadi (miti ya kuegemeza) imara pande zote mbili, mkuku (uti wa chini wa chombo) ukae juu ya magogo ili upepo upite chini, na omo (mbele) iinuke kidogo maji yakimbilie tezi (nyuma). Hapo chomoa zibo la tundu la kutolea maji. Juu weka kivuli cha makuti, kwa sababu jua la Septemba hupasua mbao kwa siku chache tu.

Kukagua

Toa kila kitu: farumi (mawe ya uzito), mbao za kukalia, kamba kuukuu. Safisha ngama mpaka uone rangi ya ubao. Kisha chukua nyundo ndogo na kisu chembamba. Gonga kila taruma kuanzia chini kwenda juu. Ubao mzima hulia, mbovu hutoa sauti ya kuziba kama gunia. Unapotilia shaka, choma kisu. Kikizama bila kupingwa, tia alama ya chokaa. Maeneo ya kutazama mara mbili ni miguu ya mataruma, mstamu unaobeba mlingoti, na mahali mbao zinapokutana na fashini (miti inayosimama kwenye ncha za chombo).

Tazama pia misumari. Doa jeusi linaloteremka kutoka kwenye kichwa cha msumari lina maana kutu imeshaula ndani. Ng'oa mitatu au minne ya mfano. Ikitoka imekonda katikati, usijidanganye kwamba iliyobaki ni mizima.

Kubadilisha mbao na mataruma

Sitakaa sana hapa, maana kazi hii ifanywe na fundi na wewe umsaidie. Wewe kama mwenye chombo simamia mambo matatu. Taruma likatwe kwenye mti uliopinda wenyewe, mfenesi au mwembe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Taruma lililochongwa kwa kulazimishwa kutoka gogo lililonyooka litapasuka wimbi la kwanza. Pili, maungio ya mbao yasipangane juu ya taruma moja, yapishane. Tatu, tundu la msumari litobolewe kwanza kwa keekee, msumari uzungushiwe pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa, na ncha ikunjwe ndani. Usichanganye misumari ya shaba na ya chuma kwenye ubao mmoja. Katika maji ya chumvi chuma kitaliwa haraka.

Halafu kuna vile vitundu vilivyo chini ya kila taruma, vya kupitishia maji yafike mahali pa kuyachotea. Mafundi wenye haraka huviacha. Mwambie fundi wako avichonge hata kama itachukua siku nzima. Mashua ya mjomba vilikuwa vimezibwa na lami, na ndiyo sababu mvua ilikaa ndani.

Kukalafati

Kukalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, nami naomba usome taratibu.

Mashua iliyokaa kavu muda mrefu hufunguka. Utaona mwanga kati ya ubao na ubao, na mkono utakuwasha kujaza pamba. Usijaze. Ubao mkavu umesinyaa. Ukishindilia pamba katika nafasi hiyo pana, siku mashua inaposhuka mbao zitavimba, hazitakuwa na pa kwenda, na zitaisukuma misumari mpaka iachie mataruma. Nimeona mashua nzuri ikifunguka hivyo siku ya pili majini, na mwenyewe akilaumu pamba.

Kwanza inyweshe. Mwagia maji ya bahari ndani na nje asubuhi na jioni, funika kwa magunia yaliyolowa, kwa siku tatu au nne. Ni maji ya bahari, si ya kisima. Nafasi nyingi zitajifunga zenyewe. Zinazobaki ndizo za kukalafati.

Sokota pamba iwe kama kamba ya unene wa kidole kidogo, iloweke mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya ini la papa), kisha ipige kwa patasi butu. Mapigo yawe mepesi na ya mwendo mmoja. Pamba ikae ndani kidogo kuliko uso wa ubao ili ibaki nafasi ya kuziba juu. Mapigo yakibadilika sauti na kuwa makali, simama, imetosha. Kwa mashua ile tulimaliza kilo sita za pamba, watu wawili, siku tano.

Chini ya maji

Kome na majani yakwanguliwe kwanza. Baada ya hapo pitisha moto wa makuti makavu chini ya mashua, mwepesi na wa haraka, ubao upate joto bila kuungua. Uwe na ndoo za maji tayari na mtu wa kuzisimamia. Moto huo ni kwa ajili ya yule mnyoo anayetoboa mbao, ambaye kwa kweli ni jamaa ya kome na chaza. Huingia akiwa mdogo mno, tundu lake la nje halizidi ncha ya sindano, kisha hukua ndani. Kuianika mashua siku chache hakumuui, kwani huziba mlango wake na kusubiri.

Ubao ukipoa, paka shahamu iliyochanganywa na chokaa, kama wazee walivyofanya, au rangi ya kuzuia viumbe vya bahari ukiipata. Shahamu inataka kurudiwa kila baada ya miezi michache. Mimi bado naipenda, kwa sababu inanilazimisha kuitazama mashua chini mara kwa mara.

Mlingoti, foromali na tanga

Foromali (mti unaobeba tanga) ikiwa ya vipande viwili, fungua maungio yote na uangalie chini ya kamba, maana unyevu hujificha hapo. Henza na jarari, kamba za kupandishia foromali, zipitishe mkononi pima kwa pima. Uzi ukikatika kiganjani, kamba hiyo haifai kubeba foromali juu ya vichwa vya watu. Makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) yapakwe mafuta. Tanga litandazwe juani, ulitazame ukiwa upande wa pili, mwanga ukuonyeshe palipokonda. Pembe ya goshini (ya mbele) na ya demani (ya nyuma) huraruka kwanza, kwa hiyo zishonee kitambaa cha pili.

Kushusha

Rudisha zibo, shusha kwa bamvua, ifunge kwenye maji ya kiuno, na usiende popote kwa siku mbili. Itavuja. Hesabu ndoo unazochota kila baada ya saa tatu na uziandike. Idadi ikipungua, mbao zinafunga. Ikibaki palepale baada ya siku ya pili, kuna mahali pa kutafuta. Farumi zitiwe mwisho, mawe yaliyooshwa, yasikae juu ya vitundu vya ngama.

Vifaa vya safari: jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, nanga na amari (kamba ya nanga) ndefu, upo (chombo cha kuchotea maji) na ndoo ya akiba, dira, tochi, filimbi, maji ya kunywa. Chombo kikaguliwe na kupewa leseni, Zanzibar kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, Bara kwa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania). Asubuhi sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutweka.

Maswali niliyoulizwa

*Kutoka Mafia:* Shikamoo fundi. Kuna mtu ameniambia nifunike dau langu kuukuu kwa faiba, nisahau kukalafati maisha yangu yote. Unasemaje?

Marahaba mwanangu. Ubao hupumua, huvimba na kusinyaa. Faiba haifanyi hivyo. Baada ya muda huachana, maji huingia katikati, na mvua ikipata njia kutoka juu ubao utaoza usiuone. Kwa dau jipya lililojengwa kwa ajili hiyo, sawa. Kwa la zamani, hapana.

*Kutoka Pangani:* Sifa imekuwa ghali. Sisi hutumia oili chafu ya gari. Kuna ubaya?

Upo, kaka. Rangi haitashika juu yake, na kila chombo kikitikiswa oili inakwenda kwenye mwani wa akina mama na kwenye matumbawe unakovulia. Tumia mafuta ya nazi. Hata yaliyochacha yanafaa.

*Kutoka Wete, sasa niko Muscat:* Marehemu baba ameacha mashua, nami sirudi mpaka mwakani. Niwaambie nini wadogo zangu?

Pole sana, Mungu amrehemu mzee. Waambie waitie gadi, waiezekee makuti, zibo likae nje siku zote za mvua. Mara moja kwa wiki waliweke zibo, wamwage maji ya bahari ndani yalowane mbao mpaka jioni, kisha walichomoe. Na majani yafagiliwe. Wakifanya hayo utaikuta.

*Kutoka Kilwa:* Turubai linafaa kuwa tanga?

Kwa ngalawa ya kwenda na kurudi karibu na pwani, linafaa msimu mmoja. Kwa mashua halifai: hunyooka likapoteza tumbo lake, huwezi tena kwenda joshi (kuelekea upepo unakotoka) vizuri, na likichanika huchanika lote kwa mara moja. Nunua kitambaa cha pamba kizito, ukishone kwa uzi uliopakwa nta, na usilikunje tanga likiwa na unyevu wa mvua.